Paka wangu mzee anakonda na maabara imeandika "kawaida": je, ni upungufu wa vitamini?

Swali: Daktari, shikamoo. Nakuandikia kutoka Tanga. Nina paka jike wa miaka 13. Mwaka jana alikuwa na kilo 4.2, juzi tumempima ana 3.4. Kula anakula, tena siku hizi anadai chakula kuliko zamani. Wiki haipiti bila kutapika mara moja au mbili, ila haharishi. Manyoya ya mgongoni yamekuwa makavu na yameshikana. Namlisha dagaa wa kuchemsha na ugali, na maini ya ng'ombe karibu kila siku kwa sababu anayapenda mno. Daktari wa huku alimtoa damu ikapelekwa maabara ya hospitali ya watu. Kreatinini ya figo nimeambiwa iko sawa. Vitamini B12 imetoka 236, na pembeni wameandika "kawaida", kiwango 200 hadi 900. Jirani yangu anasema huo ni uzee tu, damu ya paka mzee huishiwa vitamini, nimpe mafuta ya ini la samaki na dawa ya maji ya vitamini ya watoto. Je, ni kweli? Nimpime vitamini zote? Na hizo dawa nimpe?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nikujibu kwanza yale ya haraka. Mafuta ya ini la samaki usimpe. Dawa ya vitamini ya watoto nayo iache. Kumpima vitamini zote ni kupoteza pesa ambazo utazihitaji kwa vipimo vingine. Na ile namba 236, kwa paka, haiko kawaida. Iko chini.

Hili la namba ndilo lililonifanya nikae kukuandikia kwa urefu, kwa sababu nimeliona likipoteza miezi ya matibabu ya paka wengi. Kiwango kinachochapwa pembeni ya jibu la maabara hupatikana kwa kupima damu za viumbe wengi wenye afya wa jamii moja. Maabara ya hospitali ya watu ina viwango vya watu. Ukiipelekea damu ya paka, mashine itaisoma na kutoa namba, kisha kompyuta itailinganisha na binadamu na kuandika "kawaida" bila kujua kwamba mgonjwa ana mkia. Maabara ya magonjwa ya tumbo ya wanyama iliyoko Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, ambayo madaktari wa paka wa nchi nyingi huifuata kwa kipimo hiki, hutumia 290 hadi 1,500 nanogramu kwa lita. Nanogramu kwa lita ni sawasawa na pikogramu kwa mililita, kipimo kinachotumika kwenye karatasi nyingi za hospitali zetu, hivyo namba yako huhitaji kuibadilisha. Kama karatasi ingekuwa imeandikwa pikomoli kwa lita, mpaka wa chini ungekuwa karibu 214. Maabara hiyo ya Texas hushauri pia kwamba paka mwenye dalili za tumbo aongezewe B12 hata akiwa chini ya 400, kwa sababu namba ya kwenye damu inaweza kuonekana inatosha huku ndani ya seli vitamini imeshaadimika.

Mashine iliyoandaliwa kwa damu ya watu inaweza kupotoka kidogo inaposoma damu ya paka, kwa hiyo nisingeapa juu ya kila tarakimu. Lakini 236 kwa paka aliyekonda, anayetapika kila wiki na mwenye miaka 13, inaelekea upande uleule ambao mwili wake unaelekea. Ningeichukulia kwa uzito.

Sasa tazama jambo moja katika barua yako ambalo pengine uliliandika kwa kupita tu: anakula maini karibu kila siku. Maini ya ng'ombe ni miongoni mwa vyakula vyenye B12 nyingi kuliko vyote. Gramu 100 za maini mabichi zina takriban mikrogramu 59. Paka mwenye ukubwa wa paka wako anahitaji kama mikrogramu 1 na kitu kwa siku. Kipande cha gramu 10 tu, kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, kinampa mara nne au tano ya mahitaji yake ya siku, na bado kuna dagaa. Paka huyu hawezi kupungukiwa B12 kwa sababu ya chakula. Kama inaingia mdomoni kwa wingi namna hiyo na damuni haionekani, basi njiani pana tatizo, na tatizo hilo ndilo tunalolitafuta. Uzee peke yake haulielezi.

Njia yenyewe iko hivi. B12 huja imeshikwa na protini ya nyama. Tumboni asidi na vimeng'enya huiachia huru. Ikifika kwenye utumbo mwembamba lazima ishikwe na protini maalumu ya kuibeba, na kwa paka protini hiyo hutengenezwa na kongosho peke yake. Kwa binadamu hutengenezwa na tumbo. Kisha inasafiri hadi sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na hapo tu ndipo inapopokelewa kuingia mwilini. Kwa hiyo B12 ikishuka, washukiwa ni wachache: kongosho, ukuta wa utumbo mwembamba, au bakteria waliozidi humo ndani na kuila kabla paka hajaipata. Ndiyo maana naipenda kuliko vitamini nyingine zote za damu. Namba yake hukuonyesha pa kwenda kutafuta.

Tena kwa paka hushuka upesi. Mtu anaweza kuacha nyama kabisa na akiba ya ini lake ikamchukua miaka. Paka amepungukiwa mojawapo ya protini zinazoibeba B12 kwenye damu, na akiba yake hupotea haraka. Uchunguzi uliochapishwa 2001, wa paka wachache, ulikuta kwamba nusu ya B12 hutoka mwilini kwa takriban siku 13 kwa paka mwenye afya, na kwa siku 5 tu kwa wale wenye ugonjwa wa utumbo. Na ikishuka, yenyewe huongeza ugonjwa: paka hupoteza hamu ya kula, utumbo hushindwa kujitengeneza upya, uzito unazidi kuanguka, na dawa za tumbo zinazotolewa zinafanya kazi nusunusu. Wapo paka waliotibiwa utumbo kwa miezi bila nafuu, wakaanza kupata nafuu walipoongezewa B12.

Turudi kwa jirani yako, kwa sababu ana sehemu ya ukweli na sitaki umpuuze. Miongozo ya madaktari wa paka wa Marekani ya 2021 humhesabu paka kuwa mzee akishapita miaka 10. Ni kweli kwamba tumbo hubadilika na umri. Karibu theluthi moja ya paka waliozidi miaka 12 hawasagi mafuta vizuri, na karibu mmoja kati ya watano wa waliozidi miaka 14 hawasagi protini vizuri. Hao wasiosaga mafuta ndio huelekea kuwa na upungufu wa vitamini E, vitamini za kundi B na potasiamu. Lakini theluthi moja maana yake wawili kati ya watatu hawana shida hiyo. Paka wa miaka 13 mwenye afya, anayekula chakula kamili, anaweza kuwa na vitamini za damu zilizo ndani ya viwango vilevile vya paka wa miaka minne. Na wengi wa wale wasiosaga vizuri, ukiwachunguza kwa undani, wana ugonjwa wa utumbo ambao haujapewa jina. Madaktari wa Marekani waliwahi kuwachunguza paka 100 waliokuwa wakitapika, kuharisha au kukonda kwa muda mrefu, ambao altrasaundi ilionyesha kuta za utumbo zimenenepa. Walipokata vipande vya utumbo na kuvitazama, 99 walikuwa na ugonjwa wa utumbo mwembamba, na ulikuwa wa aina mbili hasa, zikikaribiana kwa idadi: uvimbe sugu wa ukuta wa utumbo na saratani ya limfoma. Wengi wa paka wa namna hiyo huwa wameshaambiwa "ni uzee" au "anatapika nywele".

Kilo 4.2 hadi 3.4 ni upungufu wa asilimia 19. Mtu mwenye kilo 60 akipoteza kiasi hicho anakuwa amepoteza zaidi ya kilo 11, na hakuna ndugu atakayemwambia ni umri.

Kabla sijakuambia ni utumbo, lakini, pana kitu kingine lazima kipimwe, na naona hakikupimwa. Paka mzee anayekula zaidi kuliko zamani na bado anakonda, manyoya yakaharibika, akawa anatapika, ndiye picha ya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, inayofanya kazi kupita kiasi. Ugonjwa huu ni wa paka waliopita miaka 10 hasa. Kipimo chake ni homoni inayoitwa T4, nacho maabara nyingi za hospitali huweza kukifanya, ila tena usome kwa viwango vya paka. Paka wenye ugonjwa huu nao huweza kuwa na B12 ya chini, kwa hiyo namba yako haiuondoi. Mwombe daktari apime sukari pia, kwani kisukari nacho humfanya paka ale na akonde; huyo kwa kawaida utamwona anakunywa maji mengi na kukojoa sana.

Kuhusu figo, kreatinini kuwa sawa hakunitoshi. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo huitoa. Paka aliyeishiwa misuli hutengeneza kidogo, hivyo figo zinaweza kuwa zimechoka na namba ikabaki nzuri. Thairoidi iliyozidi huficha jambo hilo zaidi kwa sababu husukuma damu nyingi kupita kwenye figo. Chukua mkojo wa asubuhi, daktari aupime uzito wake ukilinganishwa na maji, kwa kile kifaa kidogo cha kutazamia kwenye mwanga. Mkojo wa paka mwenye figo nzima, anayekula vyakula vikavu au vya kawaida, hupita 1.035. Ukiwa mwepesi mno, tunaanza kufikiria figo, na figo zinazotoa maji mengi hutoa pia vitamini za kundi B zinazoyeyuka kwenye maji hayo.

Sasa swali lako la kupima vitamini zote. Zipo ambazo namba yake ya damu hukuambia kitu, na zipo ambazo hukudanganya.

Foleti, vitamini nyingine ya kundi B, inafaa kupimwa pamoja na B12. Yenyewe hupokelewa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, B12 mwishoni, hivyo mbili hizo pamoja zinakuonyesha sehemu gani imeathirika. Mwambie daktari paka asile kwa saa 12 kabla ya kutolewa damu, na damu isipasuke seli zake ndani ya chupa: chembe nyekundu zina foleti nyingi, zikipasuka zinamwaga na namba inapanda kwa uongo. Chupa isikae juani pia, mwanga huziharibu vitamini zote mbili. Na ukikuta siku moja B12 ya paka iko juu sana wakati hujampa sindano wala vidonge, usifurahi. Kwa paka hilo limehusishwa na magonjwa ya ini na uvimbe wa saratani.

Vitamini A, kuipima kwenye damu ni kazi bure kwa paka wako. Ini hushikilia kiwango cha damu kiwe kilekile hata akiba ikiwa imekaribia kwisha au imefurika. Zaidi ya hapo, paka na wanyama wengine walao nyama husafirisha sehemu ya vitamini A kwenye damu ikiwa imeungana na asidi za mafuta, hali ambayo kwa mtu aliyefunga usiku kucha ingekuwa dalili ya sumu. Maabara ya watu haitajua kuisoma. Lakini vitamini A yenyewe ndiyo inayonitia hofu kuliko zote katika barua yako, na nitaieleza baada ya hizi chache.

Vitamini D nayo ina jambo lake ambalo wafugaji wengi hawalijui. Paka anaweza kulala juani barazani kutwa nzima na asipate vitamini D ya kumtosha, kwani ngozi yake karibu haina malighafi ya kuitengeneza. Kuna kimeng'enya kinachoigeuza kabla jua halijaifikia. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliithibitisha hali hii kwa paka na mbwa mwaka 1994. Yote anaipata kwenye chakula, hasa samaki wenye mafuta na maini. Huko Edinburgh, Uskoti, walikuta vitamini D iliyo chini kwa paka wenye uvimbe wa utumbo na limfoma, na kwamba paka waliolazwa wakiwa na D ya chini walikuwa katika hatari zaidi ya kufa ndani ya siku 30. Hii ni alama ya ukali wa ugonjwa. Usiichukue kama ruhusa ya kumnywesha vitamini D, maana ikizidi hupandisha kalisiamu, na kalisiamu iliyozidi huua figo. Zipo sumu za panya zinazoua kwa njia hiyohiyo.

Vitamini E husafiri kwenye damu pamoja na mafuta, hivyo namba yake hupanda na kushuka na mafuta ya damu. Upungufu wake huonekana kwa paka wanaolishwa samaki wenye mafuta mengi peke yao, jodari hasa. Mafuta ya mwilini huwa ya njano na kuvimba, paka anakuwa na homa na hataki kuguswa tumbo wala kunyanyuliwa. Vitamini K huwa shida pale ini au njia ya nyongo inapougua, au paka anapokula panya aliyelishwa sumu ya kuzuia damu kuganda. Hapo tunapima muda wa damu kuganda na kuachana na namba ya vitamini.

Vitamini B1, thiamini, nataka uifahamu kwa sababu ya dagaa. Mahitaji ya paka ni zaidi ya mara mbili ya mbwa: viwango vya chakula cha wanyama vya Marekani vinataka miligramu 5.6 kwa kila kilo ya chakula kikavu cha paka, na 2.25 kwa mbwa. Samaki wengi wadogo, wakiwemo wa jamii ambazo dagaa wa baharini na wa Ziwa Viktoria wanatoka, wana kimeng'enya kinachovunja thiamini. Kuwagandisha hakukiui. Moto hukiua. Wewe unachemsha, hongera, endelea hivyo. Ila usiyamwage yale maji. Thiamini na taurini huyeyuka kwenye supu, na taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, ingawa si vitamini, paka hawezi kuishi bila hiyo. Mwaka 1987 watafiti wa Davis, California, walionyesha kwamba upungufu wake ndio uliokuwa ukidhoofisha mioyo ya paka wengi, na walipoirudisha kwenye chakula mioyo ilipona. Mpe dagaa na supu yao, bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu hupasua chembe nyekundu za paka. Dagaa wa chumvi waoshe na kuwaloweka kwanza.

Ukimwona siku moja ameinamisha kichwa hadi kidevu kinagusa kifua, mboni za macho zimetanuka na anayumba, hiyo ni dharura na inaweza kuwa thiamini. Hakuna kusubiri jibu la maabara. Sindano hutolewa kwanza, na akiwahi huweza kubadilika ndani ya siku moja au mbili. Kwa paka mzee mwenye figo mbovu, potasiamu iliyoshuka huleta shingo ileile, kwa hiyo potasiamu ipimwe siku hiyohiyo.

Sasa maini. Gramu 100 za maini ya ng'ombe zina takriban mikrogramu 5,000 za vitamini A. Paka wa kilo nne anahitaji kama 63 kwa siku. Yaani sahani moja ya maini ina mahitaji ya zaidi ya siku 70. Vitamini A haitoki kwa mkojo kama zile za kundi B, inajilimbikiza. Paka anayekula maini kila siku kwa miezi na miaka huota mifupa ya ziada kwenye pingili za shingo na viungo vya miguu ya mbele, pingili zikashikana, shingo ikawa ngumu. Paka wa namna hiyo hawezi kugeuka kujilamba mgongo. Manyoya ya mgongoni yanakauka na kushikana.

Umeniambia manyoya ya mgongoni. Ninaomba leo jioni umtazame kwa makini. Anainama vipi kwenye sahani? Hugeuza kichwa peke yake au hugeuza mwili mzima ukimwita kutoka ubavuni? Bado anaruka kupanda kiti? Analia ukimshika shingoni? Kama kuna shaka, daktari apige picha ya eksirei ya shingo na mabega. Manyoya mabaya yanaweza kutokana na thairoidi au utumbo, lakini pia yanaweza kuwa ya shingo, na anaweza kuwa na yote mawili. Mifupa iliyokwisha kuungana hairudi, ila ukipunguza maini ugonjwa husimama na maumivu hutibika. Sasa fikiria paka huyo umuongezee mafuta ya ini la samaki, ambayo ni vitamini A na D zilizokolezwa. Ndiyo maana nimeanza kwa kukataza.

Dawa za vitamini za watu zina hatari nyingine. Kipimo chake ni cha mwili wa mtu, nyingine zina madini ya chuma na vitamini D kwa wingi, na baadhi ya virutubisho vya wazee na wagonjwa wa kisukari vina asidi ya alfalipoiki, ambayo ni sumu kali kwa paka; uvumilivu wao kwake ni karibu sehemu moja ya kumi ya mtu au mbwa.

Hivi ndivyo ningefanya kama paka huyu angekuwa mezani kwangu. Damu ya T4, sukari, potasiamu, picha kamili ya damu, protini na vipimo vya ini, pamoja na foleti, ningeitoa kabla ya kumpa chochote. Mkojo ningeupima uzito, presha ningeipima. Kisha siku hiyohiyo ningeanza B12, bila kungoja majibu, kwa kuwa haina hatari ya maana kwa dozi hii na kucheleweshwa kwake kuna gharama. Ni mikrogramu 250 chini ya ngozi mara moja kwa wiki kwa wiki 6, sindano nyingine moja baada ya mwezi, na kipimo cha damu mwezi mmoja baada ya hiyo ya mwisho. Sindano iwe ya B12 peke yake. Zile za mchanganyiko wa kundi B humuuma sana paka, na mara nyingi B12 iliyomo ni kidogo mno. Kama sindano za kila wiki ni ngumu kwako, kidonge cha mikrogramu 250 kila siku kwa wiki 12 nacho kimeonekana kupandisha namba vizuri kwa paka, hata wenye utumbo mgonjwa. Kipimo cha marudio kwa anayetumia vidonge ni wiki moja baada ya kumaliza.

Thairoidi ikionekana ni nzima, hatua inayofuata ni altrasaundi ya tumbo kutazama unene wa utumbo, kongosho na tezi za jirani. Shule za tiba ya wanyama za Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na Kabete, Nairobi, ni mahali pa kuuliza endapo daktari wako atahitaji msaada wa kusoma picha au vipande vya utumbo. Uvimbe sugu na ile limfoma ya polepole vyote hutibika, na paka wengi huishi miaka mingine vizuri, kwa hiyo usiogope jina kabla halijatajwa.

Chakula ubadilishe taratibu. Ugali hauna sumu, ila unajaza tumbo la mnyama ambaye mwili wake unataka nyama, na kwa paka anayepoteza misuli ningeuondoa kabisa. Maini yashuke hadi kipande cha gramu 10 kwa wiki. Usiyakate siku moja, kwani paka waliozoea maini hugomea chakula kingine, na paka anayegoma kula siku mbili au tatu, hata aliyekonda, ini lake linaweza kujaa mafuta na kumuua. Changanya maini machache kidogo kila siku, kuku wa kuchemsha na dagaa wakiongezeka, kwa muda wa wiki mbili au tatu. Ukiweza kununua chakula cha dukani, tafuta kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa paka waliokomaa kwa viwango vya AAFCO (vya Marekani) au FEDIAF (vya Ulaya), na kiwe sehemu kubwa ya mlo wake. Makopo ya jodari ya watu hayahesabiki.

Mpime uzito kila wiki, mizani ya jikoni ya kilo tano inatosha ukimweka kwenye kikapu na kutoa uzito wa kikapu, na uandike. Akigoma kula kwa siku nzima, akitapika zaidi ya mara mbili kwa siku, au shingo ikiinama, usingoje miadi. Majibu ya T4 na ya mkojo yakitoka, nitumie namba zenyewe pamoja na kipimo kilichotumika, usinitumie neno "kawaida".